Kompaila inajua C vizuri tu, tatizo ni heda za mwenye nyumba

Msimu wa korosho uliopita, kipindi kile Mtwara mjini malori yamepanga foleni na kila mtu anaonekana ana hela kasoro sisi mafundi kompyuta, alikuja dogo mmoja hapa kibandani kwangu, akaweka laptopu juu ya meza akaniambia "bro, nimeandika kompaila." Nikajua ananitania, maana wengi wakija na laptopu hapa ni kioo kimepasuka au wamesahau paswedi. Kumbe kweli bwana. Kompaila ya C, kaiandika mwenyewe usiku usiku, inasoma kodi (ya programu, sio ile ya TRA), inatoa asembli (maagizo ya prosesa yaliyoandikwa kwa maneno), alafu asembla na linka (ile inayounga vipande na laibrari) za kwenye mashine zinamalizia. Kanionyesha pointa, kanionyesha `struct`, kanionyesha fankshen inayojiita yenyewe, vyote vinakimbia kwenye Ubuntu yake bila tabu.

Shida ikaanza alipotoka mjini. Akaenda Masasi kwa kaka yake mwenye Mac ya zamani, ile ya Intel, kompaila ikagoma. Akajaribu mashine ya Windows ya rafiki yake Lindi, ikagoma. Kijana wa watu akaanza kujitilia mashaka, akahisi labda lugha yenyewe hajaielewa. Nikamwambia hebu nionyeshe inagomea wapi, na kote ilikuwa inagomea mstari uleule, tena wa kwanza kabisa:

```
#include <stdio.h>
```

Yani kodi yake mwenyewe haijaguswa hata herufi. Na hapa ndo kuna jambo ambalo mafunzo mengi ya C yanalipita mbio mbio: lugha ya C ina standadi, imeandikwa neno kwa neno tangu 1989, ila mafaili ya heda (yale ya `.h` yanayotangaza fankshen na namba za mfumo) yaliyolala kwenye mashine yako hayajaandikwa kwa C ya standadi. Yameandikwa yakijua kabisa kompaila gani itayasoma, na wewe ukija na yako ngeni inabidi uamue utajitambulisha vipi.

Tuanze na kitu chenyewe. `#include` haina uchawi wowote, ni kunakili na kubandika. Kuna hatua inaitwa priprosesa, inapita kabla kompaila haijaanza kazi, ikikuta jina la heda inaenda kulitafuta lile faili kwenye mashine, inalibandika lote hapo hapo, na lile faili nalo lina `#include` zake ndani, nazo zina zake, hivo hivo mpaka mwisho. Kama una Linux andika programu ya kusalimia dunia alafu fanya `gcc -E hujambo.c | wc -l` uone, mistari mitano inatoka mamia, na katika hiyo yote ya kwako ni ile ya mwisho mwisho tu. Mingine ndo vitu kama `__restrict`, `__extension__`, `__attribute__ ((__nothrow__ , __leaf__))`, maneno ambayo standadi haikukufundisha, ni nyongeza za GCC, kompaila iliyozoeleka kwenye Linux. Kompaila yako kama ni ya kweli kweli lazima iyameze hayo yote kabla haijaona neno `main`.

Alafu hayo mafaili sio ya mtu mmoja. Kwenye Linux ni kama nyumba ya kupanga, wapangaji watatu na choo kimoja. Mpangaji wa kwanza ni kompaila mwenyewe, yeye ndo mwenye `stddef.h`, `stdarg.h`, `float.h` na sehemu ya `limits.h`, kwa sababu ni yeye peke yake anaejua `size_t` ina baiti ngapi na hoja za fankshen anazipitisha wapi. Wa pili ni laibrari ya C, mara nyingi glibc, mwenye `stdio.h`, `stdlib.h`, `string.h`. Wa tatu ni kernel, kiini cha mfumo endeshi, mwenye mafolda ya `linux/` na `asm/`. Na hawa wanagombania majina yaleyale, kwa hiyo wameweka ishara za kugongeana mlango. `stdio.h` ya glibc inaandika `#define __need_size_t` alafu ndo inaita `stddef.h`, maana yake nipe `size_t` tu, vingine baki navyo. Kwenye `va_list` inaomba kwa `__need___va_list`, na inategemea irudishiwe jina `__gnuc_va_list`. Dogo alikuwa na `stdarg.h` yake nzuri tu ya kistandadi, ila jina hilo hakuwa nalo, akakesha siku mbili mpaka akagundua kinachotakiwa ni `typedef` moja. Hilo halijaandikwa kwenye standadi yoyote, unalijua kwa kuumia.

Kwa hiyo tuelewane, kwenye Ubuntu yake heda zilikuwa zinapita, ila zinapita kwa sababu alishazipigania moja moja mpaka zikanyooka, na alichonyoosha ni mashine ile moja. Mfano njia za kutafutia heda alizikariri ndani ya kompaila kabisa: folda ya GCC, `/usr/local/include`, `/usr/include/x86_64-linux-gnu`, alafu `/usr/include`. Hiyo ya tatu ni utaratibu wa Debian na watoto wake kama Ubuntu, wanaweka kando heda zinazotegemea aina ya prosesa. Ukienda kwenye Raspberry Pi ya biti 64 folda inaitwa `aarch64-linux-gnu`. Ukienda Fedora haipo, kila kitu kipo `/usr/include`. Na kwenye Mac, tangu toleo la Mojave la 2018, `/usr/include` yenyewe haiwekwi tena kwa kawaida, heda zimehamia ndani ya folda ya SDK (furushi la zana za waandishi wa programu) na unaiuliza mashine kwa `xcrun --show-sdk-path`. Ndo maana Masasi kompaila iligoma mstari wa kwanza, ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba iliyobomolewa.

Sasa dogo alifanya kitu ambacho ningekuwa na umri wake na mimi ningefanya. Akarudi Mtwara, akakopi folda nzima ya `/usr/include` ya Ubuntu kwenye flashi, akapanda basi tena hadi Masasi, kama kilomita 200 hivi, akaiweka kwenye Mac. Akakompaili. Ikapita! Akashangilia. Alafu programu iliyokuwa ifungue faili jipya na kuandika ndani yake ikakataa, inasema faili halipo. Lazima lisiwepo, si ndo nimekwambia utengeneze?

Hapo tukakaa kitako. Kwenye heda za Linux `O_CREAT`, ile alama ya kusema tengeneza faili kama halipo, ni 0x40. Kwenye Mac ni 0x200, na 0x40 kule ni `O_ASYNC`, kitu kingine kabisa. Kompaila haikukosea, imebandika namba iliyoikuta kwenye heda, heda ikawa ya nchi nyingine. Na sio hiyo tu. `EAGAIN` kwenye Linux ni 11, kwenye Mac ni 35. `AF_INET6`, ya mtandao wa IPv6, Linux ni 10, Mac ni 30, FreeBSD 28, Windows 23. Jina ni moja, namba kila mtu na yake. Alipojaribu programu inayotumia `stdout` na `errno` ndo ikagoma hata kulinki, kwa sababu `stdout` kwenye heda za Mac ni makro (jina ambalo priprosesa inalibadilisha na maandishi mengine) inayoelekeza kwenye `__stdoutp`, na `errno` ambayo watu wanadhani ni kigeu cha kawaida, kwenye glibc ni `(*__errno_location ())`, kwenye Mac ni `(*__error())`. Linka ya Mac inatafuta `__errno_location` kwenye laibrari zake, hamna mtu wa jina hilo.

Watu wa huku wanaelewa haraka nikiwaeleza kwa vipimo. Mnajua kangomba, wale wanaonunua korosho kwa mkulima kwa kopo badala ya mizani. Kopo linaitwa kopo kila mahali, ila la huyu limebonyezwa kitako na la yule limetanuliwa mdomo, mkulima akilalamika anaambiwa si kopo tu hili. Sasa `long` ya C ndo kopo lenyewe. Kwenye Linux na Mac za biti 64 `long` ni baiti 8. Kwenye Windows ya biti 64, baiti 4. `wchar_t` Linux ni 4, Windows ni 2. Standadi inaruhusu yote hayo, imeweka kiwango cha chini tu. Heda za kila mfumo zimeandikwa zikijua kopo la kwao lina ujazo gani, ukizihamisha unapima korosho za Newala kwa kopo la Tandahimba.

Kwa hiyo sheria ya kwanza: heda za laibrari huzibebi, unazikuta huko huko. Zinaenda pamoja na laibrari utakayolinki nayo, haziachani. Za kwako mwenyewe, zile chache za mpangaji wa kwanza, hizo ndo unatembea nazo.

Sawa, tumeiambia kompaila iende kwenye SDK ya Mac. Sasa ndo inakuja sehemu tamu, na hapa ndo nilitaka tufike.

Heda za mfumo huwa zinakuuliza wewe ni nani. Zinauliza kwa makro. Huku kwetu mzee akitaka kujua kama kijana kapita jandoni haangalii sura, anamtupia fumbo asikilize jibu, ukijibu sawa mazungumzo yanaendelea, ukibabaika unapewa maneno ya watoto. `#ifdef __GNUC__` ndo fumbo hilo. Kama kompaila yako inajitangaza na `__GNUC__`, heda zinakuchukulia umefundwa, zinakumwagia nyongeza zote za GCC. Kama hujajitangaza, zinakupa toleo la watoto.

Dogo alikuwa mkweli. Kompaila yake haikusema ni GCC, na kwenye Ubuntu hilo lilimrahisishia maisha sana, kwa sababu glibc ikikutana na kompaila isiyoijua, ndani ya `sys/cdefs.h` inafanya kitu kama hiki:

```
#define __attribute__(xyz)
```

Yani kila `__attribute__` inafutwa inakuwa hewa. Unaona kama umepewa zawadi, parsa yako (sehemu ya kompaila inayosoma sarufi ya kodi) haisumbuki tena. Ila hebu angalia `struct epoll_event`, ile ya kusubiri matukio mengi ya mtandao kwa mpigo. Ndani yake kuna namba ya baiti 4 inafuatiwa na kitu cha baiti 8. Kwa kawaida kompaila inaacha nafasi tupu ya baiti 4 katikati ili kile cha 8 kikae kwenye mpaka wake, jumla 16. Lakini kwenye x86 ya biti 64 kernel inataka ikiwa imebanwa bila nafasi, jumla 12, na kinachosema hivo ni `__attribute__ ((__packed__))`. Ambayo ndo imefutwa! Kwa hiyo kernel inapanga matukio kila baiti 12, programu yako inayasoma kila baiti 16, tukio la kwanza nusu linaeleweka, la pili uchafu mtupu. Hamna kosa lililotangazwa, hamna onyo, kila kitu kimekompaili vizuri. Watu wa TinyCC, kompaila ndogo ya Fabrice Bellard, walikutana na ufutaji huu huu, na ndo maana ukisoma `sys/cdefs.h` za glibc za sasa utakuta TinyCC imetajwa kwa jina, kwamba huyu naye msimfutie. Wewe na kompaila yako ya Chikongola hakuna atakaekutaja.

Basi unasema nidanganye. Najitangaza `__GNUC__`, tena najipa toleo la juu nionekane wa kisasa. Sawa, umeingia jandoni kwa uongo, subiri mafumbo yanayofuata. Tangu glibc 2.26 ya 2017, ukigusa `stdlib.h` kwenye x86 ya biti 64 na umesema wewe ni GCC 4.3 kwenda juu, heda zinachukulia una `__float128`, namba ya desimali ya biti 128. Ukisema ni GCC 7 kwenda juu zinachukulia `_Float128` umezaliwa nayo kabisa. Kompaila ya dogo `double` yenyewe ilikuwa na wiki tatu. Kila toleo unalojipandisha unaongeza deni, na deni lenyewe hulijui mpaka heda ije kulidai.

Watu wa Clang, kompaila inayotumika kwenye Mac, walilijua hili mapema. Mpaka leo Clang ukiiuliza inasema ni GCC 4.2.1, toleo la 2007, la mwisho la GCC kutoka chini ya leseni ya GPL toleo la 2. Kompaila ya kisasa kabisa, inayotengeneza programu za simu za nusu ya dunia, inajitambulisha kwa kitambulisho cha mzee. Ni kama brauza zote zinavojiita Mozilla mpaka kesho. Wakitaka kukuonyesha walichonacho kweli wanakwambia uliza kwa `__has_attribute`, `__has_builtin`, `__has_feature`, yani usiniulize jina langu, niulize najua nini. Mimi naona hiyo ndo njia ya kiungwana, ila heda za zamani haziulizi hivo, zinauliza jina.

Kwenye Mac hilo fumbo lina ukali wake. `sys/cdefs.h` ya kule ikikosa `__GNUC__` inakutolea onyo kabisa, "Unsupported compiler detected", kwamba kompaila hii hatuitambui. Ukivuka hapo unakutana na heda za `machine/` zinazotaka kujua prosesa, na kama hujatangaza `__x86_64__` au `__arm64__` zinagoma moja kwa moja. Hizi makro za kujitangaza sio pambo. Fanya `gcc -dM -E - < /dev/null` uone GCC inatangaza ngapi kabla hujaandika chochote, ni mamia, na `clang` nayo kwenye Mac hivo hivo. Huzihitaji zote, ila prosesa, mfumo endeshi, ukubwa wa aina za namba na mpangilio wa baiti hizo huwezi kuzikwepa.

Alafu kuna hii, ambayo ilitutesa kuliko zote, ungevuka Msangamkuu na kivuko ukarudi mara tatu bado tunaitazama. Programu ya dogo inauliza ukubwa wa faili kwa `stat`. Heda sahihi za Mac, SDK sahihi, imekompaili, imelinki, inaleta ukubwa wa ajabu. `struct stat` tumeipima, baiti 144, sawa na ya `clang`. (Ya Linux nayo ni 144, kwa bahati tu, ila ndani zimepangwa tofauti kabisa: `st_size` Linux inakaa baiti ya 48, Mac inakaa baiti ya 96. Kwa hiyo `sizeof` peke yake isikudanganye.) Tukapima nafasi ya kila kipengele, zote sawa. Sasa?

Kumbe kosa liko kwenye jina. Apple zamani walikuwa na `struct stat` ya kizamani yenye namba ya inodi (kitambulisho cha faili kwenye diski) ya biti 32, wakataka kuhamia biti 64 bila kuvunja programu za zamani. Wakaacha fankshen ya zamani inaitwa `stat` ile ile, wakaweka mpya inaitwa `stat$INODE64`, alafu kwenye heda wakabandika lebo ya `__asm` mwishoni mwa tangazo la fankshen, inayosema mtu akiandika `stat` kwenye kodi wewe linki na ile mpya. Kompaila ya dogo ilikuwa inaiona hiyo `__asm(...)`, inairuka kimya kimya, inaendelea. Matokeo yake muundo ni mpya, fankshen inayoujaza ni ya zamani. Kwenye Mac za Intel ndo ilivo, zile za M1 na kuendelea hazina hii kwa sababu hazina programu za zamani za kulinda.

Na usidhani ni ujanja wa Apple tu. glibc inafanya hivo hivo ukiomba mafaili makubwa kwenye mashine za biti 32, `open` inageuzwa kuwa `open64`. musl, laibrari nyingine ya C ya Linux, kwenye toleo la 1.2.0 la 2020 ilifanya hivo kwa fankshen za muda, ili mashine za biti 32 zisije zikaishiwa tarehe ikifika 2038. NetBSD wana makro yao kabisa, `__RENAME`. Lebo ya `__asm` kwenye tangazo la fankshen ndo njia ambayo mifumo mingi inatumia kubadili kitu bila kuvunja kitu, kwa hiyo kompaila inayoiruka ni sawa na tarishi anaetupa bahasha zenye anwani mpya na kupeleka barua nyumba ya zamani.

Hapo nikamwambia dogo toa kila sehemu kwenye parsa yako inayosema sijui hiki, ruka. Vitu vya kurembesha kama `__nothrow__` na `__leaf__` ruka sawa, hivyo ni ushauri tu kwa kompaila. Ila `packed`, `aligned`, lebo ya `__asm`, `mode`, `#pragma pack`, hivi vinabadili baiti na majina, ukikutana navyo ama uvitekeleze ama upige kelele ugome. Bora kompaila inayokataa faili kuliko inayolikubali ikalielewa vibaya.

`#pragma pack` nimeitaja kwa sababu ya Windows. Huko hata hatukufika mbali. Heda za `windows.h` zina dunia yake, zinauliza `_MSC_VER` badala ya `__GNUC__`, zimejaa `__declspec`, `__stdcall`, `__int64`, miundo isiyo na majina ndani ya miundo mingine, na kuna mafaili kama `pshpack4.h` na `poppack.h` ambayo kazi yake ni kuwasha na kuzima ubanaji wa miundo katikati ya heda nyingine. Ushauri wangu, usianzie huko. TinyCC kwa Windows inakuja na heda zake yenyewe zilizotokana na MinGW (mradi wa kuleta GCC kwenye Windows), na hiyo ndo njia ya mtu mwenye akili na muda mchache. Zig wameenda mbali zaidi, ukiishusha unapata ndani yake heda za glibc, musl na mingw-w64 za prosesa nyingi, ndo maana `zig cc` inaweza kukompailia Linux ukiwa umekaa kwenye Windows. Hapo utaniuliza si umesema heda hazibebwi? Hazibebwi bila laibrari yake. Wao wanabeba vyote viwili vinavyoendana, au wanatengeneza kiolezo cha laibrari kinachoendana na toleo ulilotaja. Sio flashi ya Masasi ile.

GCC wenyewe wana njia ya kikoloni kidogo. Inaitwa fixincludes. GCC ikijengwa kwenye mashine inapita heda za mfumo, ikikuta zenye makosa inayoyajua inazinakili, inazirekebisha, inazihifadhi kwenye folda yake ya `include-fixed`, na kuanzia hapo inasoma nakala yake sio ya mwenyeji. Inafanya kazi, lakini mwenyeji akija kuapdeti heda zake, nakala inabaki ya zamani, unaanza kutafuta mchawi. Kwa mtu mmoja na kompaila yake sikushauri. Badala yake kuna `#include_next`, unaweka faili lako dogo lenye jina lilelile mbele kwenye njia, unarekebisha makro mbili tatu, alafu unasema endelea na faili linalofuata la jina hili. Rekebisho linakuwa lako, la mwenyeji linabaki la mwenyeji.

Wapo wanaosema basi acha heda, tangaza `printf` kwa mkono yaishe. Kwa majaribio sawa. Ila ukiandika `int printf();` bila zile nukta tatu, kwenye Mac za M1 itakuchapia takataka, kwa sababu kule hoja za kawaida zinapita kwenye rejista na zile za baada ya nukta tatu zinapita kwenye steki. Nukta tatu ndani ya heda zinabadili kodi inayotoka. Na `errno` na `stdout` tumeshaona, huwezi kuzitangaza kwa mkono bila kuiba siri za kila laibrari.

Kama unaanza leo na unataka kupumua, anza na Alpine au Linux yoyote ya musl. Heda zake ni karibu C tupu, zinasomeka hata na binadamu, ukiwa na `__builtin_va_list` na vitu vichache zinapita. Usitafute tu makro ya kukwambia hapa ni musl, waliikataa makusudi, wanataka uulize kitu kipo au hakipo sio uulize jina. Alafu ndo uhamie glibc, ukijitangaza GCC 4.2 na sio zaidi, alafu Mac, Windows mwisho.

Na kabla ya yote andika kipimo. Hiki ndo kilichotuokoa, mistari mingi ya namna hii:

```
printf("stat %zu st_size %zu\n", sizeof(struct stat),
       offsetof(struct stat, st_size));
printf("O_CREAT %d EAGAIN %d\n", O_CREAT, EAGAIN);
printf("long %zu ld %zu\n", sizeof(long), sizeof(long double));
```

Unaikompaili kwa kompaila ya mwenyeji, unahifadhi matokeo, unaikompaili kwa yako, unalinganisha kwa `diff`. Yakiwa tofauti hata kwa namba moja, usiendelee mbele. Haitakamata kosa kama la `stat$INODE64`, hilo linataka uangalie majina kwa `nm` (zana ya kuorodhesha majina yaliyo ndani ya faili lililokompailiwa), ila mengine mengi inayakamata pale pale mezani badala ya wiki ya tatu.

Dogo aliondoka na hicho kipimo, na juzi kanitumia matokeo kwa WhatsApp kutoka Masasi. Kila mstari umelingana kasoro mmoja: `long double`, yake 8, ya `clang` 16. Alikuwa ameifanya iwe jina lingine la `double` kwa uvivu, akasahau. Nikamwambia pima na Ubuntu. Kapima, 8 kwa 16 huko nako, tangu siku ya kwanza.